Daftari la Darasa Ndilo Shina la Ushirika

(Maelezo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya walimu, wazazi, wanafunzi na wajumbe wa vyama vya msingi, Kibaoni, Mkoa wa Katavi)



Nilipopata barua yenu, baadhi ya wenzangu ofisini waliniuliza mkaguzi anakwenda kufanya nini shuleni. Kazi ya mkaguzi inajulikana. Ni kufungua kabati, kuhesabu fedha zilizomo, kulinganisha stakabadhi na daftari, kisha kuandika taarifa ambayo mara nyingi haimfurahishi mtu. Shuleni hakuna tumbaku wala pamba ya kukaguliwa. Niliwajibu kwamba kazi yangu huanzia shuleni, na pale inapoanza vibaya mimi ndiye ninayekuja kuikuta huku mbele, imekwisha kuwa kesi.

Ninalokusudia kulisema leo ni jambo moja. Darasa linalotunza daftari la mali yake na kulisoma mbele ya wote linafundisha ushirika kuliko hotuba nyingi, pamoja na hii yangu. Na darasa lisilo na daftari, hata likilima ekari kumi, linawafundisha vijana kuwa mali ya wengi haina wa kuiuliza.

Ndugu wananchi, asubuhi hii niliwahi kufika, nikapata nafasi ya kutazama siku ya shule inavyoanza. Kengele iligongwa, nayo ni rimu ya gari iliyotundikwa kwenye mti, kama katika shule nyingi za mkoa wetu. Vijana wakafagia, wakamwagilia bustani, wakajipanga paredi. Kiranja wa zamu akahesabu waliofika na wasiofika, akatoa taarifa kwa mwalimu. Wimbo wa Taifa ukaimbwa. Kisha matangazo: darasa fulani zamu ya kuchota maji, darasa fulani shamba, mdahalo Ijumaa, na wale ambao wazazi wao hawajaleta mahindi ya chakula cha mchana waonane na mwalimu wa zamu. Tangazo hilo la mwisho nililishika, nami nitalirudia.

Wapo hapa vijana ambao siku yao huanza kabla ya kengele. Wametoka vijiji vya mbali katika Bonde la Ziwa Rukwa, na kwa kuwa hawawezi kutembea kila siku, wamepanga vyumba karibu na shule. Jumamosi huonekana njiani kwa baiskeli wakirudi nyumbani, na Jumapili jioni hurejea wamefunga nyuma kiroba cha unga au mchele na kichupa cha mafuta ya kula. Kijana wa miaka kumi na minne anapima kibaba chake mwenyewe, anahesabu siku mpaka Jumamosi, anaamua kama aazime kwa jirani au alale na uji. Huyo tayari ni mtunza stoo. Hakuna aliyempa cheo hicho, wala hakuna aliyemfundisha kuandika. Nawaomba walimu na wazazi mkumbuke kwamba ujuzi huo upo darasani humu, unangoja kupewa karatasi na kalamu.

Fikra hii si mpya katika nchi yetu. Mwezi Machi mwaka 1967, mara baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa kijitabu chake cha Elimu ya Kujitegemea. Wengi wetu tunakumbuka kwamba kijitabu hicho kilitaka kila shule iwe na shamba. Wachache wanakumbuka sehemu ya pili ya maneno yake. Alitaka wanafunzi wenyewe washiriki katika kuamua. Alitoa mfano wa trekta: wanafunzi wajadiliane kama fedha zao zitumike kukodi trekta, au walime kwa mikono yao kwa umoja na fedha hizo zifanye kazi nyingine ya shamba au ya shule. Yaani shamba lilikusudiwa liwe mkutano mkuu mdogo. Jembe lilikuwa nusu ya somo, na uamuzi pamoja na hesabu vilikuwa nusu ya pili.

Katika shule nyingi tulibaki na nusu ya kwanza. Mwanafunzi alilima, alipalilia, alivuna, akabeba magunia mpaka stoo, na hapo habari zikakoma. Mahindi yaliuzwa kwa bei gani, fedha zilinunua nini, kiasi gani kilibaki, hayo hakuambiwa, naye hakuuliza kwa kuwa kuuliza kulihesabiwa utovu wa adabu. Mahali pengine shamba likageuzwa kuwa adhabu: aliyechelewa apewe hatua kumi za kulima. Kijana aliyefundishwa hivyo kwa miaka minne hatoki na mapenzi ya kilimo wala ya ushirika. Anatoka na mazoea mawili tu, nayo ni kufanya kazi bila kuuliza na kukimbia kazi akipata nafasi.

Mazoea hayo yana gharama, na ushirika wetu umekwisha kuilipa. Mwaka 1966 Serikali iliunda Kamati Maalum ya kuchunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao, kwa kuwa malalamiko ya wakulima yalikuwa mengi. Kamati ile ilitaja upungufu wa watumishi wenye ujuzi, ikataja kukosekana kwa uaminifu, ikataja kuingiliwa kwa siasa. Lakini pamoja na hayo ilitaja jambo ambalo mimi huliona kuwa mzizi: wanachama wasioelewa chama chao. Mwanachama asiyeelewa hawezi kumzuia mwizi, na pia hawezi kumtetea kiongozi mwaminifu anaposingiziwa. Miaka kumi baadaye, mwaka 1976, vyama vikuu vilivunjwa, na kazi ya kununua mazao ikapewa mamlaka za mazao. Sheria ya mwaka 1982 ndiyo iliyovirudisha. Wazee waliomo humu wanajua jinsi ilivyokuwa vigumu kuanza upya, kutafuta daftari za zamani, kuwatambua wanachama na mali iliyotawanyika. Chama huvunjwa kwa tangazo la siku moja, lakini wanachama wanaokijua chama chao hawapatikani kwa siku moja.

Sasa naomba ruhusa ya kuwasimulia vijana jambo linalonihusu mimi mwenyewe. Sikukusudia kulieleza mbele ya viongozi wa vyama ninavyovikagua, lakini naona haitakuwa haki kuwataka wengine wafungue daftari zao nami nimefunga langu.

Nilisoma sekondari miaka ya 1990, wakati wilaya yetu ya Mpanda ingali katika Mkoa wa Rukwa. Shule sitaitaja, wala mwalimu. Nilipokuwa kidato cha pili darasa letu lilianzisha duka. Usifikiri duka lenye rafu. Lilikuwa sanduku moja la mbao lenye kufuli. Kila mmoja alitoa hisa ndogo, tukanunua madaftari, kalamu, sabuni, chumvi, na mafuta ya taa yaliyopimwa kwa kikopo. Mimi nilichaguliwa kuwa mtunza hazina kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri. Angalieni sababu hiyo: mwandiko mzuri. Hata leo nimewaona wanachama wakimchagua mtu kwa suti yake.

Mwezi wa kwanza mambo yalikwenda vizuri. Mwezi wa pili rafiki zangu walianza kuja jioni. Mmoja alitaka kalamu, atalipa Jumatatu. Mwingine alitaka kipande cha sabuni, baba yake anakuja. Niliwapa bila kuandika, kwa kuwa kuandika jina la rafiki niliona ni kumvunjia heshima. Kisha siku moja nami nilipungukiwa nauli ya kwenda nyumbani, nikachukua humo humo sandukuni, nikijiambia nitarudisha. Sikuwa na nia ya kuiba. Nimekwisha kuwahoji watu wengi katika kazi hii, na karibu wote walianza kwa maneno hayo hayo, kwamba hawakuwa na nia ya kuiba.

Siku ya kuhesabu mali ilipokaribia nikaona upungufu. Nikakaa usiku na kibatari, nikaandika katika safu ya matumizi kwamba madaftari kadhaa yameliwa na panya. Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri.

Kesho yake nilisoma hesabu mbele ya darasa. Nilipofika kwenye panya, msichana mmoja aliyekuwa akikaa dawati la nyuma, ambaye katika midahalo yote hakupata kusema neno, alinyoosha mkono. Akauliza, “Ndugu mtunza hazina, huyo panya alikula madaftari yote pamoja na jalada, asiache hata kipande? Naomba tuonyeshwe vipande.” Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka. Mwalimu wetu wa darasa alinyamaza, akaningoja. Nilisimama pale kwa muda ambao mpaka leo nauona mrefu, kisha nikasema kweli.

Mwalimu hakunichapa. Aliliambia darasa, “Mali ni yenu, amueni ninyi.” Wengine walitaka nifukuzwe dukani, wengine nipelekwe kwa Mkuu wa Shule. Yule msichana akatoa shauri lililokubaliwa: nilipe deni langu kidogo kidogo, rafiki zangu waliokopa waandikwe majina na kubandikwa ukutani, nami niendelee kuandika daftari, ila ufunguo ushikwe na mtu mwingine, na kila Ijumaa hesabu isomwe na mtu wa tatu. Hawakujua kwamba walikuwa wamegundua kanuni ambayo baadaye nilifundishwa katika mafunzo ya ushirika, kwamba anayeshika fedha asiwe ndiye anayeandika, na anayeandika asiwe ndiye anayekagua. Niliimaliza shule nikiwa nimelipa. Kama ningefichwa siku ile, au ningechapwa tu na mambo yakaisha, naamini ningekuwa upande wa pili wa meza ninayokalia leo.

Tangu hapo nimesoma daftari nyingi. Nimekuta ghala ambalo upungufu wake uliandikwa panya, nimekuta unyevu, nimekuta “yalimwagika wakati wa kupakia.” Yapo mapungufu ya kweli ya namna hiyo, nami siwatuhumu watu ovyo. Lakini kila mara hukumbuka swali la yule msichana: tuonyeshwe vipande. Katika mikutano mikuu niliyohudhuria, hesabu zilisomwa kwa haraka, mwenyekiti akauliza kama kuna swali, watu mia mbili wakakaa kimya, mtu mmoja akasema “tuendelee,” na mali ya mwaka mzima ikapitishwa. Walikosa mtu mmoja wa kunyoosha mkono aliyezoea tangu utoto kwamba kuuliza hesabu ni wajibu, wala hakumvunjii mtu heshima.

Ndugu Mwenyekiti, nimesema nitalirudia lile tangazo la mahindi ya chakula cha mchana. Nimechagua mfano huu kwa kuwa ni mali ya wengi iliyo karibu na kila mzazi hapa, na upungufu wake huonekana kwenye sahani ya mtoto. Hesabu nitakayotoa ni ya mfano tu, si ya shule hii.

Tuchukue darasa la wanafunzi 60. Tuseme kila mmoja ale gramu 300 za unga wa dona kwa mlo mmoja. Kwa siku moja darasa litakula kilo 18, na tukihesabu debe moja la mahindi kuwa kilo 18, basi ni debe moja kwa siku. Tukichukua siku 194 za masomo kwa mwaka, darasa litahitaji madebe 194, yaani kilo 3,492. Sasa wazazi wamekubaliana kila mmoja atoe madebe matatu. Mara 60 ni madebe 180. Wanakijiji wakisikia madebe 180 huona ni mali nyingi, wakapiga makofi, wakaenda zao. Lakini yamepungua madebe 14, maana yake siku 14 hakuna chakula. Hakuna aliyeiba, ila hakuna aliyepiga hesabu.

Tuendelee. Wazazi watano wasipoleta kabisa, yanapungua madebe mengine 15, nasi tumefika siku 29. Ikiwa debe lililotumika kupokelea lina mbonyeo, likapima kilo 17 badala ya 18, basi kila debe limekosa kilo moja, na kwa madebe 165 yaliyopokelewa ni kilo 165, zaidi ya siku tisa nyingine. Ikiwa mahindi yaliwekwa na unyevu, yataota ukungu ulio sumu. Ikiwa hayakukaguliwa, dumuzi watayageuza vumbi. Wazee wanamkumbuka dumuzi yule aliyeingia nchini kupitia Tabora jirani zetu mwishoni mwa miaka ya 1970, ambaye wakulima walimwita Skania kwa nguvu zake. Hapo mwezi wa tisa stoo itakuwa tupu, na nini kitasemwa kijijini? Watasema walimu wamekula mahindi. Mwalimu mwaminifu atapoteza jina lake, wazazi watakataa kuchanga mwaka ujao, na kijana atarudi kushinda na njaa mpaka saa tisa. Daftari lingemlinda mwalimu kabla ya kumlinda mzazi.

Kwa hiyo basi napendekeza stoo ya chakula iwe darasa la ushirika. Kidato cha tatu, kwa mfano, kichague wanafunzi watatu kila muhula: mmoja apokee na kupima, mmoja aandike, wa tatu akague. Wasiwe wale wale muhula hadi muhula. Kila debe linaloingia liandikwe tarehe, jina la aliyeleta na uzito, na mzazi apewe stakabadhi, hata ikiwa ni karatasi iliyokatwa kutoka daftari. Kila kilo inayotoka kwenda jikoni iandikwe na kutiwa sahihi na mpishi. Kila Ijumaa kilichobaki kipimwe, kilinganishwe na kitabu, na jumla yake isomwe paredi. Mwalimu asimamie, asiandike yeye. Zaidi ya yote, hesabu hizi zisomwe kwa Kiswahili. Nimehudhuria midahalo ya Ijumaa katika shule zetu, ambapo hoja hujadiliwa kwa Kiingereza, na nimeona vijana wenye akili wakibaki kimya kwa kuogopa kuchekwa. Lugha ile waisome kwa bidii, wataihitaji. Lakini waulize kuhusu mahindi yao, na hao waliokuwa bubu watasema kama mawakili.

Kuhusu shamba la darasa, nasema machache. Liwe dogo linaloweza kuhudumiwa na kuandikwa. Yale madebe 14 yaliyopungua katika mfano wetu ni kilo 252, magunia mawili na nusu. Ekari moja iliyotunzwa vizuri inaweza kuyatoa na kubakiza. Kilimwe chakula, mahindi au mpunga kulingana na udongo, na bustani ya mboga. Tumbaku isilimwe na wanafunzi. Nasema hivi nikijua kwamba tumbaku imejenga nyumba na kusomesha watoto katika mkoa huu. Lakini jani bichi lililolowa umande hupenyeza nikotini mwilini kupitia ngozi, na mtoto hudhurika upesi kuliko mtu mzima kwa kizunguzungu na kutapika. Chama kinachojali wanachama wake wa kesho hakiwezi kuwaweka humo. Pia shamba lisiwe adhabu. Hatujamwona mwanachama anayeambiwa ahudhurie mkutano mkuu kwa kuwa amekosa.

Huenda mtu akasema, huyu anataka kuwageuza watoto kuwa makarani, na mitihani je? Jibu langu ni kwamba hesabu ya stoo ni hesabu ile ile ya ubaoni: asilimia, wastani, uwiano. Anayepima unyevu na kuchunguza dumuzi yumo katika somo la baiolojia. Tena kazi niliyoitaja haizidi saa moja kwa wiki kwa wanafunzi watatu. Wala sisemi mwandikishe chama kwa Mrajis. Ninalosema ni zoezi la darasa, lenye maadili ya chama.

Ningependa vijana wajue kwamba ushirika wenyewe ulianza kwa udogo wa namna hii. Tarehe 21 Desemba 1844, watu 28 wa mji wa Rochdale huko Uingereza, baadhi yao wafumaji maskini, walifungua duka lao. Bidhaa zao zilikuwa unga, siagi, sukari, unga wa shayiri na mishumaa, vitu ambavyo kijana wa baiskeli angeweza kuvibeba nusu yake. Nguvu yao ilikuwa kipimo cha haki, fedha taslimu bila mikopo ya kirafiki, na daftari. Baadaye wakakubaliana kutenga asilimia mbili na nusu ya ziada yao kwa ajili ya elimu, wakawa na chumba cha kusomea. Na hata leo, katika misingi saba ya ushirika iliyotangazwa na Shirikisho la Kimataifa la Vyama vya Ushirika mwaka 1995, msingi wa tano ni elimu, mafunzo na habari. Sisi huutimiza msingi huo kwa semina ya viongozi, mara nyingi wale wale. Vijana husahauliwa, nao ndio watakaorithi mashamba na madeni.

Sasa nawageukia ninyi ndugu wajumbe wa vyama vya msingi, kwa kuwa shauri hili halitafanikiwa kwa walimu peke yao. Naomba kila chama kifanye mambo manne. Kwanza, kichague shule moja iliyo karibu nacho. Pili, kiazime shule hiyo mizani iliyohakikiwa siku za kupokea mahindi, maana mizani za chama hukaa bure miezi mingi nje ya msimu. Tatu, karani au katibu wa chama atoe saa moja kwa mwezi kukaa na wale wanafunzi watatu na kupitia kitabu chao. Nne, wanafunzi wawili waalikwe kukaa nyuma katika mkutano mkuu wenu wa mwaka, wasikilize tu. Hilo la nne najua litawatia wasiwasi baadhi yenu. Mkiona haya kusomewa hesabu zenu mbele ya watoto, basi ni afadhali tujue sasa kwa nini.

Nikupeni mfano wa faida yake. Katika kijiji kimoja cha mkoa huu, ambacho sitakitaja, msichana wa kidato cha tatu alimsomea bibi yake hati ya malipo ya mazao. Bibi hajui kusoma. Msichana akaona makato ya pembejeo yameandikwa mara mbili, kwa tarehe mbili, kwa kiasi kile kile. Akaenda naye ofisini kwa adabu, akaamkia, akauliza. Karani akatazama leja, akaona kosa ni lake, amenakili mstari mmoja mara mbili. Ilirekebishwa, na bibi akalipwa haki yake. Halikuwa wizi. Lilikuwa kosa la mkono uliochoka msimu wa malipo. Lakini bila mjukuu yule lingebaki kitabuni milele, na bibi angeishi akiamini kwamba ushirika ni mahali pa kukatwa fedha. Chama kilipata mwanachama anayekiamini, kwa gharama ya swali moja.

Kwa hiyo vijana, kazi yenu ya nyumbani wiki hii ninawapeni mimi, kwa idhini ya walimu. Mwombeni baba, mama, au mlezi wenu awaonyeshe stakabadhi moja ya chama. Isomeni mstari kwa mstari: uzito, daraja, bei, makato, kilichobaki. Msichokielewa kiandikeni kama swali. Maswali hayo yaleteni kwa karani atakapokuja. Ulizeni kwa heshima, lakini ulizeni mpaka mwelewe.

Wazazi nawaambia hivi: mtoto akikuuliza hesabu ya nyumba, usimwone amekosa adabu. Anafanya mazoezi ya kulinda mali yako. Ndugu walimu, najua mzigo wenu ni mkubwa na madarasa yamejaa. Daftari hili halikuja kuongeza mzigo. Litawaondolea ule mzigo mmoja usiolipwa mshahara, yaani mashaka ya watu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tumezoea kuyabandika maneno hayo ukutani katika ofisi za vyama. Nawaomba yahamie pia kwenye mlango wa stoo ya shule, na chini yake iandikwe tarehe ya Ijumaa iliyopita, kilo zilizobaki, na majina matatu ya wanafunzi walioshuhudia. Nitakapopita tena njia hii ya Mpanda kwenda Sumbawanga, nitasimama hapa Kibaoni nisome mlango huo kabla sijafungua kabati la chama chochote.